Ragged School Museum na kijiji cha Barkingside: tathmini ya ziara ya Dokta Barnardo

Anayekwenda Ragged School Museum, makumbusho ya shule ya bure ya watoto maskini, akitarajia kuona nyumba ya kulelea mayatima atatoka amechanganyikiwa. Jengo lile la Copperfield Road, mashariki mwa London, lilikuwa shule ya kutwa. Watoto waliingia asubuhi, wakasoma, wakala, na jioni wakarudi kwao, kama walikuwa na kwao. Nyumba zilizompa Thomas John Barnardo umaarufu zilikuwa kwingine: ya wavulana Stepney Causeway, mitaa michache kutoka hapo, na ya wasichana Barkingside, kilomita kama kumi kuelekea kaskazini-mashariki. Ndiyo maana tunatathmini ziara ya sehemu mbili badala ya makumbusho peke yake. Makumbusho pekee yanawafaa sana watoto. Barkingside pekee, kwa asiyejua habari zake, ni majengo ya matofali yaliyozunguka nyasi. Ukiziunganisha kwa siku moja unapata kisa kizima cha mhisani aliyefanya mema mengi na kuvunja sheria mara kadhaa akiyafanya.

Kwanza mtu mwenyewe. Barnardo alizaliwa Dublin mwaka 1845, akaja London mwaka 1866 kusomea udaktari akiwa na nia ya kwenda China kuhubiri. Mwaka huohuo kipindupindu kiliua maelfu ya watu East End, mitaa ya maskini ya mashariki mwa London. China hakufika. Mwaka 1870 alifungua nyumba ya kwanza ya wavulana huko Stepney Causeway, na alipofariki Septemba 1905 shirika lake lilikuwa na nyumba 96 zenye watoto zaidi ya 8,500. Hilo jina la "Dokta" lichukulie kwa tahadhari: alilitumia kabla hajafuzu, akashambuliwa kwa hilo hadharani, na hatimaye akaenda Edinburgh kukamilisha mitihani mwaka 1876.

Kufika Copperfield Road si kazi. Shuka stesheni ya Mile End, inayohudumiwa na treni za chini ya ardhi za Central, District na Hammersmith & City, kisha tembea dakika kumi hadi kumi na tano kuelekea kusini. Njia nzuri ni ile ya kando ya mfereji wa Regent's Canal, kwa sababu utaliona jengo kwa upande wake wa nyuma kabla hujafika mlangoni, na huo upande wa nyuma ndio unaoeleza jengo lilijengwa kwa ajili ya nini. Hayo ni maghala matatu yaliyoshikana, namba 46 hadi 50, yaliyojengwa ukingoni mwa maji ili mizigo ya mashua iingie moja kwa moja. Barnardo aliyageuza kuwa shule mwaka 1877. Ghala lina sakafu pana, dari refu na kuta chache za ndani, hivyo vyumba vya madarasa vilipatikana kwa gharama ndogo kuliko kujenga upya. Kasoro yake ni baridi. Hata leo, ukienda kati ya Novemba na Machi, vaa kama mtu atakayekaa nje.

Angalia siku za kufungua kabla hujatoka nyumbani, kwani mahali hapa hapafunguliwi kila siku, na siku nyingine watu wa kawaida hawaingii kwa sababu wanafunzi wa shule wameshika nafasi. Hili ndilo linalowarudisha wageni wengi mlangoni.

Kitu cha kugombania hapa ni somo. Darasa limepangwa kama la enzi za Malkia Victoria: madawati ya mbao yaliyobanana, vibao vya mawe vya kuandikia, na mwalimu mwenye gauni refu jeusi anayecheza nafasi yake bila kucheka. Hukai kutazama, unafundishwa. Unanyoosha mikono ikaguliwe kucha, unasema kwa pamoja na wenzako, na ukichelewa kujibu unaitwa mbele. Watoto wa miaka saba hadi kumi na miwili hulipenda somo hili kupita kiasi. Wadogo zaidi huogopa, na baadhi hulia, kwa hiyo waelezwe mapema kwamba ni maigizo. Mzazi ahakikishe pia kwamba siku anayokwenda kuna somo la familia, maana bila somo darasa ni chumba tu chenye madawati. Jiko la nyumba ya maskini wa East End lililopangwa humo nalo lina faida yake: linamwonyesha mtoto kwamba maji yalibebwa, makaa yalibebwa, na kufua kulimaliza siku nzima.

Swali ambalo wageni huuliza ni hili: kama sheria ya elimu ya Uingereza ilipita mwaka 1870, shule ya bure ya mhisani ilihitajika ya nini mwaka 1877? Jibu liko kwenye senti. Shule za serikali za mitaa ziliendelea kutoza ada ndogo kila wiki mpaka 1891, na kwa mama mwenye watoto wanne ada hiyo ilikuwa mkate. Tena mtoto asiye na viatu aliona haya, au alifukuzwa. Copperfield Road haikutoza kitu na haikuuliza nguo. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote za aina yake London, ikipokea takriban watoto 1,000 siku za wiki na wengi zaidi Jumapili. Wakati wa baridi ilitoa asubuhi mkate na kakao, na mchana supu ya dengu au njegere. Mwalimu yeyote wa shule yenye uji wa saa nne anajua kwa nini chakula kilijaza madarasa kuliko mahubiri. Shule ilifungwa mwaka 1908, wakati ambapo za serikali zilikuwa zimetosha na hazilipiwi. Maghala yakarudi kwenye shughuli za viwanda, yakaponea chupuchupu kubomolewa miaka ya 1980, na wakazi wa mtaa ndio waliopigania mpaka yakawa makumbusho mwaka 1990.

Ukitoka, usikimbilie treni. Ben Jonson Road iko karibu, na kwenye ukuta wa jengo la fleti la Solent House kuna kibao kinachosema Barnardo alianza kazi yake kwa watoto mahali hapo mwaka 1866. Hakuna kingine cha kuona, dakika mbili zinatosha. Stepney Causeway nayo, upande wa Limehouse, imebaki jina la barabara. Lakini ni vizuri kupita hapo ukijua habari ya John Somers, kijana wa miaka kumi na mmoja aliyeitwa "Carrots" kwa sababu ya nywele zake nyekundu. Aliomba nafasi, akaambiwa nyumba imejaa asubiri siku chache. Alikutwa amekufa ndani ya pipa la sukari. Njaa na baridi vilimmaliza. Baada ya hapo Barnardo akatundika bango kwamba hakuna mtoto fukara atakayekataliwa.

Sentensi hiyo moja ndiyo ufunguo wa ziara nzima, na ndiyo sehemu ambayo darasa, kwa uzuri wake wote, haliwezi kuieleza. Nyumba yenye vitanda hamsini inayokataa mtoto wa hamsini na moja inajua bajeti yake. Nyumba isiyokataa haijui. Barnardo alipokea kwanza, kisha akatafuta hela. Alipokufa aliacha deni la takriban pauni 249,000, pesa ya kutisha kwa wakati ule.

Hela zilitafutwa kwa picha. Kuanzia 1874 alikuwa na studio yake mwenyewe, na kila mtoto alipigwa picha alipoingia. Nyingine ziliuzwa kama kadi za jozi: upande mmoja mtoto mchafu mwenye nguo zilizochanika, upande wa pili mtoto yuleyule amevaa aproni na ameshika kifaa cha kazi. Pakiti ya picha 20 ilikuwa shilingi tano za Kiingereza. Ziliuzika. Tatizo ni kwamba baadhi ya jozi zilipigwa siku moja. Mwaka 1877 mchungaji mmoja wa Kibaptisti, Reynolds, akisaidiwa na wakosoaji wengine, alimshitaki mbele ya umma kwa mambo mengi: ukatili, matumizi mabaya ya fedha, na udanganyifu wa picha. Shauri likapelekwa kwa wasuluhishi. Walimsafisha kwenye mashitaka makubwa, lakini kwenye picha walimshika: walisema mtindo ule haufai, kwa kuwa uliwaonyesha watoto katika hali ambayo hawakuwa nayo. Msichana mmoja aliwekwa kama muuza magazeti wa barabarani ilhali hakuwahi kuuza gazeti. Ilidaiwa pia kwamba nguo za mvulana mmoja zilichanwa kwa kisu ili aonekane fukara zaidi. Baada ya hapo kadi za jozi zikaachwa. Kupiga picha kwa ajili ya kumbukumbu kukaendelea, na tutairudia faida yake mwishoni.

Sasa Barkingside, na hapa ndipo watu hupotea. Barking na Barkingside ni sehemu mbili tofauti zilizo mbali. Ukiandika "Barking" kwenye simu utapelekwa kwa treni ya District kwenda kusiko. Rudi Mile End, panda Central inayokwenda mashariki, na soma ubao wa mbele: unataka inayokwenda Hainault kupitia Newbury Park. Ya Epping au Loughton inapinda baada ya Leytonstone na haifiki kabisa Barkingside. Ukishajikuta ndani ya treni ya Epping, shuka Leytonstone usubiri sahihi, usiende mbele. Safari ni kama nusu saa. Stesheni ya Barkingside iko kanda ya nauli ya 4 na Mile End kanda ya 2, kwa hiyo nauli itapanda kidogo. Ukitoka, gusa kadi ileile uliyotumia kuingilia, au utatozwa mara mbili.

Kijiji kiko hatua chache kutoka stesheni, upande wa Tanners Lane. Hapa si makumbusho: hakuna tiketi, hakuna mtu wa kukuongoza, na baadhi ya majengo yanatumika. Heshimu hilo, usipige picha za madirisha ya watu.

Asili ya kijiji ni zawadi ya harusi. Barnardo alipomwoa Syrie Elmslie mwaka 1873, tajiri mmoja aliwapa nyumba ya Mossford Lodge kwa mkataba wa miaka 15. Wakaanza kulea wasichana kama sitini katika banda la magari ya farasi lililokarabatiwa nyuma ya nyumba, wote pamoja, kwa mtindo wa bweni. Haikufanya kazi. Wasichana wengi waliokulia mitaani, wakiwekwa pamoja usiku bila mtu mzima wa kukaa nao, walifundishana yaleyale waliyotolewa huko. Barnardo mwenyewe alisikia mazungumzo yao na akafadhaika. Akavunja mtindo ule na mwaka 1876 akafungua kijiji cha nyumba ndogondogo, kila moja na "mama" wake na wasichana wa umri mchanganyiko kama kumi na tano hadi ishirini. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba zilikuwa zimepita sitini na wasichana wamepita elfu, pamoja na shule, hospitali na kanisa lao.

Ukisimama kwenye nyasi za katikati utaelewa hesabu ya mpango. Nyumba zinatazamana, kila moja ina mlango wake, na nyingi zilipewa majina ya maua na mimea. Kuchanganya umri kulikuwa na maana: dada mkubwa wa miaka kumi na nne alimsaidia mama kuwavalisha wadogo, na hapohapo alikuwa anajifunza kazi atakayoajiriwa nayo. Kazi hiyo ilikuwa utumishi wa nyumbani, karibu bila njia nyingine. Kufua, kupiga pasi, kupika, kushona. Hilo ni pungufu la kweli la kijiji: msichana mwenye kichwa cha hesabu alitoka kuwa mtumishi sawa na asiyejua kuhesabu. Wavulana wa Stepney walau walikuwa na karakana za viatu, brashi na kuni, na kazi ya utarishi mjini. Pungufu la pili ni kwamba ndugu wa kiume na wa kike walitenganishwa. Kaka Stepney, dada Barkingside.

Kinachobaki leo ni sehemu tu. Ardhi nyingine imeuzwa na kujengwa, na nyumba za malezi za mtindo ule zilifungwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1970 na 1980. Lakini kanisa la watoto lipo, nyumba kadhaa za mwanzo zipo na zinalindwa kisheria, na mnara wa kumbukumbu uliochongwa na George Frampton na kuzinduliwa mwaka 1908 upo. Usiupite haraka. Juu kuna mwanamke anayewakilisha Huruma akiwa na watoto, uso wa Barnardo uko chini yake, na kwenye kitako wameketi wasichana watatu wa shaba. Mchongaji aliwatoa hao kwa wasichana halisi wa kijiji, na inaonekana: mmoja amechoka kukaa. Majivu ya Barnardo yamezikwa papo hapo.

Kijiji kinavutia kiasi kwamba ni rahisi kusahau watoto waliingiaje na wakatokaje. Kuingia kwanza. Barnardo hakuamini kwamba mzazi mlevi au mkatili ana haki juu ya mtoto, na sheria ya wakati wake ilisema anayo. Aliwachukua na akakataa kuwarudisha. Alifikishwa mahakamani zaidi ya mara themanini. Katika kesi zilizovuma zaidi wazazi walidai watoto wao, naye akajibu kwamba ameshawakabidhi kwa watu waliokwenda nchi za mbali. Ugomvi ukiwa umechanganyika na dini, kwa kuwa yeye alikuwa Mprotestanti mkali na baadhi ya mama hao Wakatoliki, mambo yakafika mpaka Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule. Sheria ya malezi ya watoto ya 1891, ambayo watu waliiita kwa jina la Barnardo, iliipa mahakama uwezo wa kumnyima mtoto mzazi aliyemtelekeza. Ilimpa Barnardo sehemu ya alichotaka, na ikampa mtoto ulinzi ambao hakuwa nao. Kitendo cha kumficha mtoto hakimu asimpate, kwa maoni yetu, hakiwi halali kwa sababu sheria ilibadilika baadaye.

Kutoka sasa. Nyumba isiyokataa mtu hujaa, na Barnardo alisema wazi kwamba mlango wa mbele ukiwa wazi lazima na wa nyuma uwe wazi. Mlango wa nyuma ulikuwa na sura mbili. Moja ilikuwa kuwapeleka watoto kulelewa na familia za vijijini Uingereza kwa malipo ya shilingi tano kwa wiki, mpango alioupanua kuanzia 1886. Huu ulifanya kazi vizuri kuliko nyumba zote, na ni ajabu kwamba wageni hawauzungumzii. Ya pili ilikuwa Canada. Kundi la kwanza la wavulana liliondoka 1882, wasichana wakafuata, na kwa miongo iliyofuata shirika lilipeleka huko watoto takriban 30,000. Kila mmoja alipewa sanduku la nguo, akapanda meli, akakabidhiwa kwa mkulima. Palipoharibika ni kwenye ukaguzi. Mashamba yalikuwa yametawanyika, mkaguzi alipita mara chache kwa mwaka, na mtoto aliulizwa hali yake mwenyeji akisikia. Waliopata familia njema walipata. Waliopigwa au kunyimwa shule hawakuwa na wa kumwambia. Mnamo 1925 Canada ilizuia kupokea watoto wa chini ya miaka 14 wasio na wazazi. Australia iliendelea kupokea mpaka miaka ya 1960. Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Gordon Brown, aliomba radhi kwa mipango hiyo yote ya kuhamisha watoto Februari 2010.

Kwa nani basi? Familia yenye watoto wa shule ya msingi iende Mile End na iishie hapo, Barkingside itawachosha. Mtu anayeendesha kituo cha kulea watoto, mwanafunzi wa ustawi wa jamii au mwanasheria wa watoto aende kote kuwili, Mile End asubuhi na Barkingside baada ya saa nane mchana, na abebe chakula chake.

Wapo pia wanaokuja kwa sababu babu au bibi alikuwa mmoja wa watoto hao. Hao wasitegemee majengo. Waanze na hifadhidata ya Library and Archives Canada, ambayo ni bure: ukiingiza jina la ukoo unapata meli, tarehe na bandari. Wakishapata hayo ndipo waiandikie huduma ya historia za familia ya shirika la Barnardo's, ambayo hutoza ada kwa wajukuu na vitukuu. Aliyelelewa na shirika mwenyewe ana haki ya kuona faili lake. Tuma jina alilotumia mtoto wakati wa kuingia hata kama lilibadilishwa baadaye, tarehe ya kuzaliwa au makisio yake, mahali alipotoka, na majina ya wazazi. Tahajia ni tatizo kubwa: karani aliandika alichosikia, kwa hiyo toa namna mbili tatu za kuandika jina la ukoo. Faili likipatikana, maelezo ya kuingia huwa makali kwa wazazi, yameandikwa na mtu aliyetaka kuhalalisha kumchukua mtoto, hivyo yasomwe kwa jicho hilo. Na uulize picha zote mbili, ya kuingia na ya kutoka, kwa sababu hutunzwa kwenye mkusanyiko wa picha na anayeomba faili peke yake anaweza kuzikosa.